Tofali la simenti linalotunza umeme: tunalitengeneza Uyole, je, hataza inawezekana?

Mfyatuzi_Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu, kamwene.

Mimi na mwenzangu tunafyatua matofali hapa Uyole, Mbeya. Kazi ya kila siku ni tofali za inchi sita na inchi tano, mteja analeta simenti yake au tunaweka yetu. Nilisoma ujenzi ngazi ya diploma, mwenzangu ni fundi umeme. Pembeni ya kazi hiyo tuna jambo jingine linalotunyima usingizi, na nimeamua kulileta hapa kwa sababu humu wamo watu wa kila fani.

Tunachanganya simenti na unga wa mkaa uliochomwa kwa namna yetu, tunamwaga vibao vyembamba, tunavipanga viwili viwili, katikati tunaweka utando usiopitisha umeme, kisha tunaviloweka kwenye maji ya chumvi. Jozi kadhaa tukiziunganisha mfululizo na kuzichaji kwa sola ndogo, tukiondoa sola taa nyekundu ya LED inaendelea kuwaka. Hakuna betri pale. Ni simenti, mkaa, maji na chumvi.

Wazo lenyewe tulilipata kwa kusoma. Mwaka 2023 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia kule Marekani, akina Franz-Josef Ulm na Admir Masic, walitangaza kwamba simenti ikichanganywa na maji na masizi meusi ya viwandani inaweza kuwa superkapasita, yaani chombo cha kutunza umeme. Walikadiria kwamba zege ya namna hiyo yenye mita za ujazo 45 ingetunza kilowati-saa 10, kiasi cha matumizi ya nyumba moja kwa siku. Sisi masizi ya viwandani hatuyamudu. Tunatumia mkaa wa maranda ya paini kutoka Mafinga, na sehemu ya simenti tumeibadili kwa majivu ya volkano ya upande wa Rungwe.

Maswali yangu. Kitu kama hiki kinaweza kupata hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi) kwa jina letu? Na hao wa MIT wakiwa na hataza yao, sisi tukiuza tutakuwa wezi? Naomba majibu ya watu wanaojua, maana mtaani kila mtu ananiambia lake.

Soweto_Mbeya

Mkuu hongera sana, hii ni habari kubwa. Tupe vipimo basi. Mkaa asilimia ngapi, majivu asilimia ngapi, chumvi ipi? Weka na picha za tanuru.

Gangilonga

Mfyatuzi, nakuomba usijibu swali hilo la hapo juu. Ndugu yangu wa Soweto hana nia mbaya, lakini swali lake ndilo linaloweza kuimaliza safari yenu kabla haijaanza.

Niko Iringa, kazi yangu ni kuandaa maombi ya hataza na alama za biashara. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu nimeona vijana wengi wa huku kwetu wakipoteza walichobuni kwa furaha ya kukitangaza.

Sheria yetu ya hataza ni ya mwaka 1987, ilianza kufanya kazi 1994, na inasimamiwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Uvumbuzi hupewa hataza ukitimiza mambo matatu: uwe mpya, uwe na hatua ya kivumbuzi, na uweze kutumika kwenye uzalishaji. Hilo la tatu kwenu halina shida, tofali ni bidhaa. Shida iko kwenye mawili ya mwanzo.

Upya unapimwa kwa dunia nzima. Kilichochapishwa Boston, kilichoelezwa kwenye mkutano Osaka, kilichoandikwa kwenye uzi huu usiku wa leo, vyote vinahesabika kuwa vimeshajulikana. Hivyo basi dai la "tofali la simenti na kaboni linalotunza umeme" halipatikani. Si kwa sababu ninyi ni Watanzania na wale ni Wamarekani. Ni kwa sababu lilishatolewa hadharani, na hata wao MIT wasingelipata leo kama wangekuwa wamesubiri hadi leo kuomba.

Vipimo vyenu, joto la tanuru, namna mnavyoupata mkaa ule, namna mnavyounganisha waya: hivyo ndivyo pengine bado ni vyenu. Mkiviandika hapa, mtakuwa mmevigawa. Marekani wana muda wa huruma wa miezi 12 kwa mvumbuzi aliyejitangazia mwenyewe. Ulaya karibu hawana kabisa. Msijenge mpango wenu juu ya huruma ya sheria. Ombeni kwanza, ndipo mseme.

Soweto_Mbeya

Dada Gangilonga, nimeelewa, samahani kwa mwanzisha uzi. Lakini Nanenane si inakaribia? Nilitaka kuwashauri wachukue meza pale viwanja vya John Mwakangale, watu wote wa Nyanda za Juu waone.

Gangilonga

Nanenane ni mahali pazuri pa kuuza, kwa hiyo waende wakiwa na namba ya maombi mfukoni. Wakishapeleka maombi BRELA na kupokelewa, tarehe ile ndiyo inayowalinda, na wana miezi 12 ya kuomba nchi nyingine wakihesabiwa kuanzia tarehe hiyo hiyo.

Mkemia_Mafinga

Naomba niingie upande wa maabara, kwa sababu hataza inasimama juu ya vipimo na uzi huu usipokuwa na vipimo utakuwa wa maneno matupu.

Kwanza, kwa nini jambo hili linawezekana. Simenti ikishika, inakunywa maji na kuacha vijitundu na vijinjia. Masizi hayapendi maji, hivyo yanasukumwa na kujikusanya kwenye njia hizo, yakishikana kama mizizi ndani ya zege. Mtandao ule ndio unaopitisha umeme, na eneo lake la ndani ni kubwa mno. MIT waliona kwamba masizi kiasi cha asilimia 3 tu ya ujazo yanatosha kufanya mtandao uungane. Kisha waliloweka kwenye kloridi ya potasiamu, ambayo ni kemikali ile ile ya mbolea ya MOP inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo.

Pili, mkaa. Mkaa wa kawaida wa tanuru la udongo, ule wa kupikia, umeiva kwa joto la nyuzi 400 mpaka 500 hivi na karibu haupitishi umeme. Ukipanda juu ya nyuzi 700, upitishaji unaongezeka kwa kasi. Mfyatuzi usinijibu mnachoma kwa joto gani. Nasema hili kwa sababu limeshaandikwa vitabuni na si siri ya mtu.

Tatu, na hapa ndipo ninapohitaji jibu: kwenye ncha mnatumia metali gani? Ukiweka shaba upande mmoja na waya wa mabati upande mwingine ndani ya simenti yenye chumvi, taa itawaka hata usipochaji. Hiyo itakuwa betri ya metali mbili, zinki inalika taratibu na simenti haijatunza chochote.

Mfyatuzi_Uyole

Mkemia, nashukuru kwa swali hilo, mwenzangu alilitilia mkazo tangu mwanzo. Pande zote mbili tunatumia vijiti vyeusi vya ndani ya betri kavu za tochi. Vibao visipochajiwa, mita haisomi kitu cha maana. Tukichaji inapanda, tukiacha inashuka polepole, tukiweka taa inashuka haraka. Tunaandika kila kipimo kwenye daftari lenye tarehe.

Mkemia_Mafinga

Safi sana. Vijiti vile ni grafaiti, na kwa kuwa ni vya aina moja pande zote, shaka yangu kubwa imeondoka. Daftari hilo litunzeni kama hati ya kiwanja.

Bado kuna jambo. Zege mbichi hupitisha umeme kwa maji na chumvi zilizomo, hata bila mkaa. Tengenezeni vibao visivyo na mkaa kabisa, vilowekeni vile vile, vipimeni vile vile. Tofauti kati ya hivyo na vyenu ndiyo kazi ya mkaa. Bila kipimo cha namna hiyo hakuna mkaguzi atakayeridhika, na mimi pia sitaridhika.

Sasa hesabu ya tofali, maana watu wanasoma "nyumba nzima" na kudhani kesho wanakata waya wa TANESCO. Kilowati-saa 10 kwenye mita za ujazo 45 ni wati-saa 220 hivi kwa kila mita ya ujazo. Tofali la inchi sita, sentimita 45 kwa 22.5 kwa 15, ni ujazo wa lita 15 na kidogo, yaani matofali 66 kwenye mita moja ya ujazo. Kila tofali linabeba wati-saa 3.4 hivi. Ni taa ya wati 3 kwa saa moja. Betri ya solar ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, sawa na matofali yapatayo 350 ya namna hiyo.

Mnaweza kuona ni kidogo. Mimi naona ni kingi, kwa sababu matofali 350 ni ukuta ambao mtu angeujenga hata hivyo. Na mwaka 2025 MIT walitoa matokeo mapya: kwa kubadili elektrolaiti, yaani kimiminika cha chumvi kinacholoweka zege na kubeba chaji, wameshusha kutoka mita za ujazo 45 hadi 5 kwa kilowati-saa zile zile 10. Ila elektrolaiti hiyo ina asetonitrili, kimiminika chenye sumu na kinachoshika moto. Kwenye nyumba ya mtu mwenye watoto nisingeiweka bila kufunikwa vizuri sana.

Bandari_Kavu_Tunduma

Wakuu mimi ni mfanyabiashara, nitasema la biashara. Hataza ni karatasi. Ukitoa kitu kizuri leo Mwanjelwa, keshokutwa kipo Tunduma kimeigwa, na aliyeiga anauza nusu bei. Utamshtaki kwa pesa ipi? Wauze tu, wapate hela, wajulikane kwa ubora. Hata hao wazungu wenye hataza zao, watakuja kumshitaki kijana wa Uyole?

Gangilonga

Kaka wa Tunduma, hoja yako ya gharama ni ya kweli na sitaibeza. Kudai haki mahakamani ni ghali, na hataza ina ada ya kila mwaka ya kuitunza hai. Kuna bidhaa ambazo namshauri mtu asihangaike na hataza, asajili alama yake ya biashara na afanye kazi nzuri. Lakini umegusa mambo mawili tofauti kama jambo moja, na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Swali la kwanza: naweza kupewa hataza? Hapo tunaangalia dunia nzima, kama nilivyosema.

Swali la pili: naruhusiwa kutengeneza na kuuza? Hapo tunaangalia nchi unayotengenezea na kuuzia tu. Hataza ya Marekani inatawala Marekani. MIT pamoja na CNRS, kituo cha taifa cha utafiti cha Ufaransa, wana maombi ya hataza kuhusu simenti ya kaboni inayopitisha umeme na superkapasita yake. Kama hawakuileta haki hiyo BRELA, au kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, wakiitaja Tanzania, haiwafungi vijana wa Uyole kutengeneza na kuuza Mbeya. Wakisafirisha kwenda nchi ambayo hataza ipo, huko itawafunga.

Hivyo inawezekana kabisa ukaruhusiwa kuuza kitu usichoweza kukipatia hataza. Inawezekana pia ukapata hataza ya maboresho yako na bado ukahitaji ruhusa ya mwenye hataza ya msingi nchi fulani. Mfyatuzi, wakati wa kutafuta mtapaswa kuandika majibu ya maswali haya kwenye kurasa mbili tofauti.

Kutafuta hataza zilizokwisha kuombwa ni bure. Espacenet ya Ulaya, PATENTSCOPE ya WIPO (shirika la dunia la miliki ubunifu), na Google Patents zote zinafunguka kwa simu. Msisome muhtasari tu. Nendeni kwenye madai, ile sehemu ya mwisho yenye namba, kwa sababu haki yote ya mtu imo humo. Mtu haingii kwenye dai isipokuwa bidhaa yake ina kila kipengele kilichotajwa kwenye dai hilo. Dai likisema kitu A, B, C na D, na bidhaa yako haina D wala kinachofanya kazi ya D, uko nje.

Na juu ya kushitakiwa: mtu mdogo hashitakiwi akiwa mdogo. Anashitakiwa siku anapopata mkopo, mwekezaji na mkataba wa kujenga shule. Heri ajue leo.

Mwalimu_Mstaafu_Tukuyu

Wanangu, nimesoma yote kwa makini, ndaga sana kwa mafundisho. Nina jambo linalonitia wasiwasi. Majivu ya volkano ni ya ardhi yetu, wazee wetu wameishi juu yake. Je, kijana huyu au mgeni yeyote akipata hataza, atatuzuia kuchimba na kutumia majivu hayo?

Gangilonga

Shikamoo mwalimu. Hapana, hawezi. Kitu cha asili kama kilivyokutwa ardhini si uvumbuzi. Vilevile matumizi yaliyokwisha kujulikana hayawezi kuchukuliwa na mtu: pozolana ya volkano, yaani majivu kama hayo yanayochanganywa na simenti au chokaa, imetumika kwenye ujenzi tangu Warumi, na kiwanda cha Songwe kinaitumia kwenye simenti. Hataza ya vijana hawa, wakiipata, itahusu mchanganyiko wao mahususi au njia yao mahususi. Nje ya hapo mwalimu utachimba, utajenga, utauza kama kawaida, kwa kufuata sheria za madini.

Mwalimu_Mstaafu_Tukuyu

Marahaba binti. Basi niulize na hili. Wamebadili masizi ya kizungu wakaweka mkaa wa paini. Wamebadili simenti kiasi wakaweka majivu. Hilo peke yake si uvumbuzi?

Gangilonga

Mwalimu, hilo ndilo swali la uzi mzima.

Hatua ya kivumbuzi maana yake ni kwamba mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo, akiwa na yote yaliyokwisha chapishwa mezani, asingelifikia jambo hilo kwa njia ya kawaida. Kuweka malighafi ya jirani mahali pa malighafi ya mbali, na kupata matokeo yale yale au pungufu kidogo, mara nyingi haitoshi. Tafiti za mkaa wa mimea ndani ya simenti ziko nyingi. Za pozolana ni nyingi zaidi. Mkaguzi atachukua karatasi ya MIT, ataweka pembeni karatasi ya mkaa, ataweka ya pozolana, atasema mtaalamu yeyote angeziunganisha.

Chukua mashine ya kukoboa kahawa kule Mbozi. Aliyetoa injini ya dizeli akaweka mota ya umeme hajavumbua. Lakini ikitokea mota ile inavunja punje kwa sababu ya mwendo wake, na fundi akabuni kifaa kidogo kinachozuia punje kuvunjika, kifaa kile ni uvumbuzi, ingawa mashine yote ni ya zamani.

Kwa hiyo Mfyatuzi, msiandike maombi kuanzia kwenye "tumetumia vitu vya Mbeya". Andikeni kuanzia kwenye tatizo. Ni wapi kitu kilikataa kufanya kazi, mkafanya nini kisichotarajiwa, na vipimo vinaonesha nini? Ikiwa majivu yale yanafanya jambo ambalo vitabu havikulitabiri, na mna namba za kuonesha tofauti ukiwa nayo na usipokuwa nayo, hapo mna kesi. Kama kazi yake ni kupunguza gharama ya simenti tu, hiyo ni faida ya biashara, na haitabeba hataza.

Mkemia_Mafinga

Niongeze matatizo ambayo hadharani yanajulikana hayajaisha, ili Mfyatuzi ajue wapi pa kuchimba. Sitasema majibu.

Chumvi yenye kloridi inakula nondo. Kila fundi wa zege anajua kwamba kloridi hudhibitiwa kwenye zege yenye chuma ndani. Sasa sisi tunailoweka kwa makusudi. Elektrolaiti inakauka: zege ikikauka, ayoni (chembe zenye chaji zinazotoka kwenye chumvi) hazitembei, na Mbeya kiangazi hewa ni kavu. Umeme unavuja wenyewe ukiacha tofali limechajiwa usiku mzima. Kila jozi kwenye maji inabeba kama volti moja tu, ukizidisha maji yanaanza kupasuka kuwa gesi, kwa hiyo unaunganisha jozi nyingi na kila kiungo ni mahali pa kuharibika. Na kadiri unavyoongeza kaboni, umeme unaongezeka na nguvu ya tofali inashuka.

Mtu akitatua moja tu ya hayo kwa namna ya kwake, na tofali likabaki linabeba ukuta, mimi nitamvulia kofia.

Kuna pia njia iliyopita pembeni ya hii. Chuo Kikuu cha Chalmers cha Sweden, mwaka 2021, Emma Zhang na Luping Tang walichapisha betri ya simenti inayochajika, yenye nyavu za nyuzi za kaboni zilizopakwa chuma upande mmoja na nikeli upande wa pili, wastani wa wati-saa 7 kwa mita ya mraba. Someni na hiyo, itaingia kwenye utafutaji wenu.

Mama_Vifaranga_Njombe

Jamani mimi si mtaalamu, nafuga kuku Njombe, na mwezi wa sita na wa saba baridi inaniulia vifaranga. Kama simenti hii inapitisha umeme, haiwezi kupata joto? Nijengewe sakafu ya banda inayopasha joto taratibu, badala ya kununua mkaa wa bruda kila siku.

Mkemia_Mafinga

Dada yangu, inawezekana, na umefikiri kama mhandisi. Umeme ukipita kwenye kitu chenye ukinzani hutoa joto. Kule Nebraska, Marekani, daraja la Roca lilijengwa mwaka 2002 kwa zege inayopitisha umeme ili kuyeyusha barafu juu yake. Kwa sakafu ya banda ungetumia volti ndogo isiyodhuru, maana kuku wanamwaga maji na wewe unaingia na gambuti zimelowa.

Gangilonga

Hapa nataka kila mtu aone kilichotokea sasa hivi. Mama wa Njombe ametoa wazo zuri, Mkemia amelieleza, na uzi huu uko wazi kwa dunia. Kuanzia dakika hii hakuna mtu, hata yeye mwenyewe, atakayeweza kudai kwamba wazo la jumla la sakafu ya zege ya kupasha vifaranga ni jipya. Kwa wazo hili sioni hasara, ni jema libaki la wafugaji wote. Lakini ndivyo linavyotokea, kwa upole kabisa, bila mwizi yeyote.

Mfyatuzi_Uyole

Dada Gangilonga, nimetetemeka kidogo. Kuna mteja alikuja kununua tofali za kawaida akaikuta taa inawaka, akauliza, tukamwambia ni simenti. Tumeharibu?

Gangilonga

Aliona taa. Hakuambiwa mchanganyiko, hakuondoka na kibao. Kuona kwamba kitu kinafanya kazi si sawa na kujua kimetengenezwaje, kwa hiyo hapo naona mko salama. Hatari ingekuwa kumuuzia au kumpa kipande. Kipande kikiwa mkononi mwa mtu huru asiye na ahadi ya siri, anaweza kukipeleka maabara, na nchi nyingi zinahesabu hilo kuwa mmekitoa hadharani. Andikeni tarehe na alichokiona, kisha fungeni mlango.

Sasa njia ya kupita, kwa kifupi maana hapa hakuna siri. Maombi yana maelezo kamili, madai, michoro na ufupisho. Maelezo lazima yatoshe mtaalamu mwingine kutengeneza bila kuwapigia simu. Ukificha kiini, hataza inaweza kufutwa kwa sababu hiyo. Hapo ndipo mtu anachagua: siri au hataza, kwa jambo moja huwezi kuwa na vyote.

Mkiona hatua ya kivumbuzi ni ndogo, sheria yetu ina hati ya uvumbuzi mdogo, inayodai upya na matumizi viwandani lakini haidai hatua ya kivumbuzi. Ulinzi wake ni wa miaka michache kuliko wa hataza. Kwa maboresho ya vifaa vya mafundi naipenda sana, na nasikitika watu hawaitumii.

BRELA inalinda Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria na ofisi yao. Mkitaka na majirani, ombi moja kupitia ARIPO, chini ya Itifaki ya Harare ya 1982, linaweza kutaja Tanzania, Malawi, Zambia, Kenya na wanachama wengine, na kule wanakagua kiini cha uvumbuzi wenyewe. Kwa mtu wa Mbeya hilo lina maana, Kasumulu (mpaka wa Malawi) na Tunduma (mpaka wa Zambia) ziko mlangoni. Kwa dunia pana upo mfumo wa PCT, mkataba wa kimataifa wa kuomba hataza nchi nyingi kwa ombi moja, na mwombaji raia na mkazi wa nchi kama yetu, iliyo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni kabisa, hupunguziwa ada ya kimataifa kwa asilimia 90, awe mtu binafsi au kampuni.

Bandari_Kavu_Tunduma

Dada, nimekusoma vizuri. Hiyo ya Malawi na Zambia sikuijua. Kama mwigaji wa ng'ambo ya mpaka naye anazuilika, basi hesabu inabadilika.

Mfyatuzi_Uyole

Swali la mwisho wakuu. Tunataka kupima nguvu ya tofali na umeme wake kwenye maabara ya chuo. Na sisi tuko wawili, halafu kuna kijana wetu anayechanganya na kufyatua kila siku. Nani ni mwenye hataza?

Gangilonga

Mvumbuzi ni aliyetoa wazo linaloonekana kwenye madai. Aliyechanganya kwa maelekezo yenu si mvumbuzi kwa kuchanganya tu, hata akichoka kuliko ninyi, mlipeni vizuri. Lakini kama ndiye aliyegundua kwamba ukifanya jambo fulani kibao hakipasuki, na jambo hilo limo kwenye madai, jina lake liwekwe, na kumwacha ni dhuluma ambayo baadaye itaiangusha hataza.

Ninyi wawili andikeni makubaliano sasa, kabla ya pesa. Nani ana sehemu gani, mmoja akitaka kuuza inakuwaje, nani analipa ada.

Chuo: kabla ya kupeleka kipande, wasaini karatasi ya kutunza siri, na iandikwe kwamba wanapima kwa malipo na matokeo ni yenu. Mhadhiri akianza kuwashauri mbadilishe hiki na kile, anaweza kuwa mvumbuzi mwenza, na chuo chake kikadai sehemu kwa kanuni zake. Si vibaya kushirikiana naye, wengi ni watu wema na wana vifaa. Ila mjue mnaingia nini. Na TBS, shirika la viwango, ni jambo jingine kabisa: hataza haisemi kwamba tofali ni imara, wala cheti cha ubora hakisemi kwamba ni lenu.

Mkemia_Mafinga

Mfyatuzi, karatasi ya siri ikishasainiwa kati yetu, njoo Mafinga na vibao vya aina tatu: vyenye mkaa na majivu, vyenye mkaa bila majivu, na visivyo na mkaa kabisa. Vyote vimwagwe siku moja, mfuko mmoja wa simenti, vikae kwenye maji kwa siku 28 kwa pamoja. Viandike namba kwa rangi isiyofutika, usiniambie namba ipi ni ipi. Nitapima ukinzani vikiwa vimelowa na vikiwa vimekauka, nitachaji na kutoa umeme mara nyingi mfululizo, na nitakurudishia jedwali. Hapo Dada Gangilonga atakuwa na cha kuandikia madai.

Mfyatuzi_Uyole

Nimekubali. Karatasi naiomba kwa Dada Gangilonga kwa ujumbe wa faragha. Picha za tanuru nilizokuwa nimezitayarisha siziweki. Vibao vya aina tatu tunamwaga Jumamosi.